Nusu Sauti Juu

"Nieleze tena," alisema Kamishna Bogna Wilczek. "Jumanne jioni."

"Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa napiga piano."

"Ulipiga nini?"

"Nokturni, wimbo wa usiku. Ile inayojulikana na kila mtu."

"Katika ufunguo gani wa sauti?"

Kijana aliyeketi mbele yake aligeukia dirisha. Ukungu ulikuwa umeingia Kraków tangu alfajiri, ukachanganyika na moshi wa makaa, na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Nje ilionekana taa moja tu ya barabarani. Watu walijitokeza chini ya taa hiyo, wakapita polepole, wakayeyuka.

"Es," alijibu Hieronim Łasak. "Iliandikwa katika Es. Hakuna anayeipiga kwingine."

"Jirani yako anasema aliisikia katika E."

"Najua. Mmeshanisomea."

"Na wewe unasemaje?"

"Profesa Zaremba akisema E, andikeni E."

Sajini Ziemowit Rak, aliyekuwa akiandika pembeni, alitupa kalamu mezani. "Wewe kijana, unataka kufungwa? Es, E, chagua moja! Mimi hata tofauti yake siijui."

"Ni nusu sauti, Sajini," alisema Hieronim kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Kibao kimoja tu pembeni. Es iko chini, E iko juu."

Nusu sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka gerezani. Mjomba wake, Teofil Brandys, muuza fidla za kale, alikutwa dukani kwake ng'ambo ya mto, amepigwa kichwani kwa jiriwa ya fundi. Daktari alisema kwamba alikufa Jumanne jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Wiki moja kabla ya hapo, kwenye sherehe ya siku ya mtakatifu wa jina la mjomba huyo, Hieronim alikuwa amegombana naye mbele ya wageni wote hadi sahani ikavunjika. Kinga yake ilikuwa moja tu. Saa ile alikuwa chumbani kwake akipiga piano, na jirani yake, mwalimu wake wa zamani, alimsikia kupitia ukutani.

Jirani alikubali kwamba alisikia. Alisikia Nokturni ikirudiwarudiwa tangu mwanzo wa saa hiyo hadi mwisho wake. Lakini aliisikia katika E, nusu sauti juu ya mahali pake. Piano haipandi yenyewe, na hakuna mpiga piano anayeuhamisha wimbo huo pasipo sababu. Kanda, kwa upande mwingine, ikizunguka kwa kasi hupandisha sauti. Chumbani kwa kijana ilipatikana redio-kaseti, na ndani yake kanda ya Nokturni hiyohiyo aliyoirekodi mwenyewe. Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi. Kijana aliwasha kanda, akatoka kwa mlango wa uani, akavuka mto. Kesho asubuhi angefunguliwa mashtaka ya kuua.

"Wakili wako amekushauri useme kwamba uliuhamisha wimbo kwa ajili ya mazoezi," alisema Bogna. "Wanafunzi wa piano hufanya hivyo, sivyo?"

"Profesa alitulazimisha sote. Kila kipande, kila ufunguo. Ukishindwa unatolewa nje, unakaa ngazini mpaka somo liishe. Mimi ngazi zile nazijua kuliko paka wa jengo."

"Basi sema hivyo. Uliihamishia E."

"Lakini sikuihamisha. Nitasemaje?"

"Bado unamtembelea?"

"Kila Alhamisi. Nampelekea keki ya jibini, ananigombeza, narudi kwangu."

"Unapiga piano yake?"

Hieronim alichelewa kujibu. Katika mahojiano yote, hapo ndipo alipochelewa kwa mara ya kwanza.

"Mara mojamoja."

"Ikoje?"

"Ya zamani."

"Hieronim."

"Ni piano nzuri, Bi Kamishna. Inatunzwa na watu wanaompenda mwenyewe." Kisha alikunja mikono kifuani.

Nje, Bogna na Rak walitembea kuelekea mjini kati. Magari ya tramu yalipita yakiwa taa tupu, bila mwili, na sauti ya kengele zake ilifika kabla yake, kutoka upande usiotarajiwa.

"Maabara wamejibu," alisema Rak. "Ile redio-kaseti inakimbia kidogo. Mwendesha mashtaka amefurahi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, Afande."

"Rak."

"Robo sauti, wameandika. Hata robo yenyewe haijatimia."

"Na Profesa alisema nusu."

"Robo, nusu! Bibi wa watu ana miaka zaidi ya themanini, yuko nyuma ya ukuta, anasikiliza huku anamenya viazi. Tumdai na desimali?"

"Huyo hakosei kwa robo. Angesikia robo angesema robo, na angekasirika."

Bogna aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yake. Elimu yake ya muziki iliishia hapo, lakini ilitosha kumwonyesha Es na E zilipo. Mkobani alikuwa na uma wa kupimia sauti aliouazima kwa kiongozi wa kwaya, kipande cha chuma chenye meno mawili. Ukigongwa hutoa A, wala hautoi kitu kingine.

*

Profesa Apolonia Zaremba aliwafungulia mlango akiwa amevaa gauni jeusi lenye pini ya pambo shingoni. Alimtazama Rak kuanzia chini.

"Wewe mwenye mabuti. Ndara ziko pale."

Ndara za wageni zilikuwa za sufi, zenye maua, na ndogo. Rak alizivaa bila ubishi, visigino vikabaki nje. Waliketi. Chai iliwekwa mezani katika bilauri, na kipande cha limau kikielea juu. Chumba kizima kilikuwa piano. Vitu vingine, kitanda, kabati na picha za wanafunzi waliopata sifa, vilikuwa vimesogea ukutani kuipisha.

"Mwanangu, nimeshasema yote kwa yule kijana wenu mwenye mafua," alianza Profesa. "Nilisikia Nokturni. Katika E. Nilijiuliza, huyu mtoto amepatwa na nini? Kisha nikadhani anafanya mazoezi ya kuhamisha, nikafurahi. Sasa mnaniambia ilikuwa kanda."

"Ilikuwa E kamili, Profesa? Haikuwa na mkengeuko?"

"Ilikuwa safi kama maji ya kisimani. Unadhani nisingejua?" Aliinua kidole. "Miaka yote hii nimekaa meza ya majaji. Wananiweka mwisho wa meza, nafumba macho, naambiwa mtahiniwa fulani amepiga hiki, nasema hapana, amepiga kile. Hawajawahi kubisha."

"Bado unakaa meza hiyo?"

"Mitihani ya msimu huu inaanza wiki ijayo. Nitakaa mpaka wanibebe."

Hapo tarumbeta lilianza kulia kutoka mnara wa kanisa la Maria, kama zimamoto wanavyolipiga kila saa inapotimia. Ukungu uliifanya sauti ionekane kama inapanda kutoka chini ya mawe ya barabara badala ya kushuka kutoka mnarani. Ilipanda, ikasita, ikakatika katikati ya neno, kama kawaida yake. Rak aliacha kunywa chai. Hakuna mtu wa Kraków anayelisikia tarumbeta hilo kweli, na hakuna asiyelisikia.

"Unaona?" alisema Profesa kwa ushindi. "Fis! Nilipokuwa msichana ilikuwa F. Hata zimamoto wamepanda."

Bogna aliweka bilauri chini. "Wamepanda vipi, Profesa?"

"Dunia nzima imepanda. Okestra zinataka kung'aa, zinakaza nyuzi. Redio imepanda. Kengele ya mlango wangu imepanda. Zimamoto nimewapigia simu mara ngapi, wananiahidi tu. Ni piano yangu peke yake iliyobaki mahali pake. Naye Walenty, fundi wangu wa kuipatanisha, kila akija anataka kuipandisha. Namwambia shusha. Analalamika kwamba nyuzi zinalegea, lakini anashusha."

"Anashusha kila akija?"

"Kila akija. Ukimwachia fundi, anafuata dunia."

Bogna aliomba ruhusa, akasimama, akausogelea ubao wa vibao. Alitoa uma, akaugonga kwenye goti. Sauti nyembamba ya A ilitanda chumbani.

"Hicho umekinunua sokoni?" aliuliza Profesa bila kugeuka. "Kimepanda nusu sauti."

Bogna alibonyeza A ya piano. Ilijibu chini ya uma. Alibonyeza kibao cheusi kilicho juu yake, na hapo piano na uma vikalingana, sauti moja ndani ya nyingine, hadi usingeweza kujua ipi imetangulia kunyamaza.

"Ahsante, Profesa. Tutatazama mlango wa pili kidogo, kisha tutarudi."

"Mrudi kabla chai haijapoa. Na huyu asiondoke na ndara zangu."

Rak aliondoka nazo. Hakuthubutu kuvaa buti na kuvua tena.

*

Chumba cha Hieronim kilikuwa baridi. Bogna alikata lakiri mlangoni, akaandika saa na jina lake kwenye karatasi ya polisi, akaingia. Piano ilisimama kwenye ukuta uleule ambao upande wa pili uliegemewa na kitanda cha Profesa. Aligonga uma, akabonyeza A.

Vililingana kabisa.

"Sawa," alisema Rak. "Piano ya kijana ni nzima. Ya bibi imelegea. Hiyo inatusaidia nini?"

"Bado sijui. Nyamaza kidogo."

Simu ya kijana ilikuwa bado hai. Bogna aliuliza namba ya kikosi cha zimamoto kinachotunza mnara, akapiga. Alijitambulisha, akauliza kama tarumbeta la mnarani limebadilishwa miaka ya karibuni.

"Tarumbeta? Hapana, Bi Kamishna," ilijibu sauti ya mtu aliyekuwa akitafuna. "Ni lilelile. Mimi mwenyewe nalipiga tangu nimeajiriwa, na sasa nakaribia kustaafu. Kwa nini? Ah, ngoja! Ni yule Bibi wa Nusu Sauti?"

"Mnamfahamu?"

"Nani asiyemfahamu? Anapiga simu, anatugombeza vizuri kabisa, kwa lugha safi. Sisi tunamwambia, sawa Profesa, kuanzia kesho tunashusha."

"Na mnashusha?"

"Bomba la shaba tutalishushaje? Tunamwambia tu. Kwa heshima. Siku inayofuata anapiga tena kusema afadhali, sasa inasikika vizuri zaidi." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Si mgonjwa, lakini? Hajapiga siku nyingi."

Bogna alirudisha mkono wa simu mahali pake. Alisimama akiangalia vibao vyeupe vilivyokuwa vikipoteza weupe wao katika mwanga hafifu. Okestra zingeweza kukaza nyuzi. Redio ingeweza kukosea. Lakini kitu kilichovipandisha vyote kwa kipimo kilekile, tarumbeta lenye urefu uleule, kengele ya mlango, uma wa chuma, kitu hicho hakikuwa katika dunia.

"Rak. Mtu akizeeka, macho hubadilika. Unavaa miwani. Masikio je?"

"Unakuwa kiziwi."

"Wengine hawawi viziwi. Kiongozi wetu wa kwaya alikuwa na baba mpiga ogani. Uzeeni baba huyo alisikia kila kitu kimepanda. Misa ikaanza kumwudhi. Alisikia vizuri kabisa, hata mnong'ono, lakini kila sauti ilimfikia ikiwa ghorofa moja juu ya nyumba yake."

Rak alikunja uso, akahesabu taratibu kwa vidole. "Kwa hiyo Es ya kweli…"

"Yeye anaisikia E."

"Na kijana alipiga Es."

"Kama alivyosema tangu mwanzo. Palepale ilipoandikwa."

Rak aliruka ndani ya ndara zake. "Basi tumemaliza! Twende kwa mwendesha mashtaka sasa hivi!"

"Tukamwambie nini? Kwamba zimamoto mmoja amecheka kwenye simu? Atamwita Profesa, atamuuliza kama sikio lake lina kasoro, naye atasema hapana. Ataapa. Yeye haoni kasoro, Rak. Fundi ameishusha piano kidogokidogo, miaka nenda miaka rudi, ili imfuate. Zimamoto wamemwahidi. Wanafunzi wamenyamaza. Kijana yule kila Alhamisi anapiga piano iliyoshuka nusu sauti, anaisikia, na hasemi."

"Hata sasa, na kamba iko shingoni!"

"Hata sasa. Lazima Profesa aseme mwenyewe. Na akisema, wiki ijayo hakai meza ya majaji."

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa, akasogeza kiti, vikasikika wazi kiasi cha kumfanya mtu yeyote ashushe sauti.

Bogna alichana gazeti vipande vidogo, akavibandika kwenye vibao vitatu, akamwonyesha Rak mpangilio. "Nikigonga ukuta, bonyeza cha kwanza. Nikigonga tena, cha pili, halafu cha tatu. Mwisho washa kanda. Hii hapa kaseti, na hiyo ndiyo redio yake, maabara wameirudisha. Usiimbe, usipige mluzi."

"Mluzi wangu una nini?"

"Utaharibu ushahidi."

*

"Jaribio?" Profesa aliinua nyusi. "Hata watoto wa maandalizi siwafanyii hivyo. Haya, gonga."

Bogna aligonga ukuta. Upande wa pili sauti moja ililia, butu, bila ustadi wowote.

"Cis. Na kidole hicho ni cha mkulima wa viazi."

Aligonga tena.

"Es."

Aligonga tena.

"Fis. Unaniuliza mambo ya aibu, mwanangu."

Bogna aliandika majibu hayo matatu. Kisha ukuta ulianza kupitisha Nokturni yenyewe, mkono wa kushoto ukibembea, na wa kulia ukishuka juu yake kama mtu anayeota huku akitembea. Profesa alifumba macho. Muda si mrefu aliyafumbua kwa hasira.

"Zima! Hii si ile. Hii ni chafu. Haiko E, haiko F, imening'inia katikati kama nguo kwenye kamba. Nani anaweza kusikiliza hivi?"

"Jumanne haikuwa hii?"

"Nimekwambia Jumanne ilikuwa safi. Ningevumilia saa nzima ya uchafu huu? Ningegonga ukuta kwa kiatu!"

"Uko tayari kuapa hivyo?"

"Mbele ya mtu yeyote."

Kwa sentensi hiyo hoja ya kanda ilikuwa imeanguka, lakini Bogna alijua kwamba nusu iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Kama haikuwa kanda, mwendesha mashtaka angeuliza ni nani basi aliyepiga piano katika E, ilhali mshtakiwa mwenyewe anakana kuipiga hivyo. Alisimama, akampa bibi mkono.

"Nakuomba twende pamoja mlango wa pili. Ni hatua chache."

Profesa alipoingia chumbani kwa mwanafunzi wake, kwanza alikagua vumbi, kisha akamkagua Rak, kisha akaona vipande vya gazeti. Kimoja kilikuwa juu ya C. Kingine juu ya D. Cha tatu juu ya F. Kila kimoja kilikuwa kibao kimoja chini ya jibu alilolitoa.

Alivitazama kwa muda mrefu. Alikaribia, akakitoa kipande cha kwanza kwa kucha, akaweka kidole, akabonyeza.

"Piano hii imepanda," alisema.

Bogna aligonga uma, akausimamisha kwa mpini juu ya ubao wa piano. Profesa alibonyeza A mwenyewe. Vililingana.

"Basi na uma umepanda. Nilikwambia."

"Tarumbeta la mnarani ni lilelile, Profesa. Nimewauliza."

"Waliniahidi watashusha."

"Ni bomba la shaba."

Dirisha lilikuwa limejaa ukungu mtupu, hakuna ua, hakuna ukuta wa pili, kana kwamba chumba kilikuwa kimeng'olewa jengoni na kuachwa kielee. Bibi alivuta kiti, akaketi. Mgongo wake haukuinama. Kwa kitambo alionekana akisikiliza kitu ambacho wengine hawakukisikia, na pengine ndivyo ilivyokuwa.

Kisha aliweka mikono kwenye vibao na kuanza Nokturni.

Alianza katika Es, palepale palipoandikwa. Bogna alisikia wimbo anaoufahamu. Lakini uso wa bibi ulikunjamana tangu kipimo cha kwanza, akaacha, akatikisa kichwa. Akahamisha mikono yote miwili nusu sauti chini, bila kutafuta, bila kusita, akaanza upya.

Sasa aliipiga katika D. Ulikuwa wimbo uleule, kila sauti mahali pake, na haukuwa wimbo uleule. Ulikuwa umetiwa kivuli, kama mtaa wa nyumbani unaouona ndotoni, ambamo milango yote ni sahihi, na bado unajua hujawahi kufika. Rak alisimama wima katika ndara zake za maua. Bibi alipiga kurasa mbili nzima, macho yamefumbwa, uso umetulia.

Alipoacha aliuliza, "Mmeisikia wapi?"

"Katika D, Profesa."

"Mimi nimeisikia katika Es." Aliitazama mikono yake kama watu wawili aliowatuma mahali, wakarudi na habari. "Tangu lini?"

"Sijui. Pengine miaka mingi."

"Walenty alijua?"

"Nadhani ndiye aliyejua kwanza."

"Na hao wengine? Wanafunzi?"

"Hata zimamoto, Bibi," alisema Rak, na papo hapo akatamani kurudisha maneno.

Profesa aligeuka polepole. "Zimamoto," alirudia. Sauti ilimtoka, na haikujulikana mara moja kama ni kilio au kicheko. Kilikuwa kicheko, kifupi na kikavu. "Wale wahuni. Nikawapelekea chokoleti kwa Krismasi."

Halafu uso ukabadilika.

"Hieronim alijua."

"Alijua."

"Mlipomsomea maneno yangu, alisema nini?"

Bogna alifikiria kumpa jibu jepesi, akaliacha. "Alisema, Profesa akisema E, andikeni E."

Mkono wa bibi ulisogea juu ya vibao bila kubonyeza, kama anayepapasa blanketi la mtoto aliyelala.

"Mpumbavu," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Mpumbavu mkubwa. Angekwenda gerezani ili nisiaibike mbele ya akina nani? Wale wazee watatu wa meza ya mitihani? Mmoja wao husinzia." Aliketi sawasawa. "Wewe mwenye ndara. Una kalamu?"

"Ninayo, Bibi."

"Profesa."

"Ninayo, Profesa."

"Andika. Mimi, Apolonia Zaremba, nasikia kila sauti nusu juu ya ilivyo. Imejaribiwa leo mbele ya polisi, na nimejijaribu mwenyewe. Kwa hiyo nilichokisikia Jumanne katika E kilipigwa katika Es, kwa piano, si kwa kanda. Umeandika 'si kwa kanda'?"

"Nimeandika."

"Weka nukta hapo. Wewe huweki nukta, naona kutoka hapa."

Rak aliweka nukta. Bogna alisoma maelezo kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, kama sheria inavyotaka, na kila mara bibi alitikisa kichwa kukubali. Alichukua kalamu, kisha akaizuia juu ya karatasi.

"Ukisaini, nakala itakwenda mahakamani," alisema Bogna. "Magazeti yatasoma. Nilipaswa kukueleza."

"Najua kusoma magazeti. Jioni hii nitawapigia wale wa mitihani mimi mwenyewe, nisisubiri wanipigie." Lakini hakusaini bado. "Umeniuliza nilisikia nini. Hujaniuliza nilimsikia nani. Msije mkaniambia kesho kwamba aliyekuwa akipiga ni mtu mwingine, na kijana alikuwa ng'ambo ya mto."

Bogna aliinua macho. Hilo lilikuwa pengo la mwisho, na alikuwa amepanga kulizunguka.

"Unaweza kumtambua mtu kupitia ukutani?"

"Nimemfundisha miaka tisa. Huyo karibu na mwisho, ule mpambo wa mkono wa kulia unapoanza kuzunguka, anakimbia. Daima. Anaogopa utamponyoka, anaukimbilia, ndipo unamponyoka kweli. Jumanne alikimbia, akarudi nyuma, akakimbia tena, saa nzima. Nilikuwa nimekaa kule namtukana." Alisaini, kwa mwandiko mkubwa ulionyooka. "Ufunguo nilikosea. Mbio zake nilizisikia sawasawa."

Alimrudishia Rak kalamu, akashika ukingo wa piano, akasimama.

"Mtakapomtoa, mwambieni hivyo. Kwamba anakimbia."

Rak alimtazama mkubwa wake. "Niandike na hilo, Afande?"

"Andika," alisema Bogna. "Na uweke nukta."